Kiti cha Jirani

4 Februari

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Nimeishika kalamu tangu asubuhi lakini wateja hawaniachii nafasi. Sasa nimewaambia watulie kidogo, naandikia mtu muhimu. Huku sote wazima. Cherehani yangu nzima. Kaka yako mzima ila anazidi kunenepa. Mkewe anasema ni raha, mimi nasema ni uvivu. Jumapili wanakuja, wananisalimia, wanakunywa chai, wanaondoka. Wewe je, unakula? Usiniandikie kwamba unakula kama huli, nitajua.

Utauliza mbona barua wakati simu zipo. Simu yangu kioo kimepasuka, simwoni mtu vizuri na mtu hanioni. Halafu simu ukishakata, maneno yameisha. Barua yako ya mwaka jana bado nawasomea wateja. Nikimpima mtu kiuno namwambia, "Nyoosha mgongo, hapo hapo, usitikisike, usikie mwanangu anasema nini." Mtaa mzima unajua nina mhandisi wa vyumba. Mama Redio wa nyumba ya pili, yule asiyeweza kukaa na habari hata dakika moja, nilimwambia mara moja tu, ikatosha.

Sasa jambo lenyewe. Kuna jirani yangu mmoja, mama wa rika langu, mtu mzuri sana, anajiheshimu. Magoti yamemgomea. Si ugonjwa wa kutisha. Alikwenda hospitali wakamwambia ni umri, na uzito kidogo, na miaka mingi ya kukaa sehemu moja, wakampa mazoezi na dawa ya kupaka. Kukaa anakaa vizuri. Kuinuka ndiyo kazi. Akishazama kwenye kochi lake inabidi ahesabu moja, mbili, tatu, na mara nyingine tatu inafika yeye bado yuko chini. Kasikia nina mtoto anayepanga vyumba, akaniomba nikuulize: je, chumba kinaweza kupangwa mtu wa hivyo akaishi kwake mwenyewe bila kumsumbua mtu? Nikamwambia, "Mwanangu? Huyo anaweza kulipanga hata tumbo la nyangumi, watu wakakaa humo wakanywa chai."

Kwa hiyo usiniaibishe.

Mimi usinifikirie. Siku hizi mlango nauacha wazi mchana kutwa. Mtu akibisha napaza sauti tu, "Ingia, pako wazi!" Nimekuwa mtu wa watu.

Ni mimi mama yako, ninayekusifu hata ukiwa hupo.


21 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako ilinikuta kazini, nikaenda kuisomea chooni ili nicheke bila kuulizwa. Nakula, Mama. Jana nimekula mara tatu na ushahidi ninao, sketi ya bluu uliyonishonea imeanza kulalamika. Msalimie kaka, mwambie wifi nimemkumbuka.

Mama, nakuomba jambo moja. Mimi si mhandisi. Mhandisi ni yule anayehakikisha nyumba haianguki. Mimi nakuja nyuma yake kuhakikisha kwamba aliye ndani hajigongi kwenye meza, haandiki gizani wakati dirisha lipo, na kikombe chake kina pa kutua. Ukiwaambia watu ni mhandisi, siku moja wataniletea daraja.

Nina habari. Bosi amenipa ukumbi wa kusubiri wa kliniki mpya, niupange peke yangu, kuanzia mlangoni mpaka dirisha la dawa. Watu sitini kwa wakati mmoja, wazee, wajawazito, wenye watoto migongoni. Unafunguliwa mwishoni mwa Juni. Ukipendeza, kuanzia hapo nitakuwa napewa kazi zangu mwenyewe badala ya kuchora mistari ya wengine. Ukiharibika, narudi kwenye mistari. Usimwambie Mama Redio kwanza.

Kuhusu jirani yako. Namkubali, lakini sipangi chumba kwa kusimuliwa. Nahitaji vipimo: urefu na upana wa sebule, mlango, dirisha, kimo cha kochi kutoka sakafuni hadi anapokalia. Na zaidi ya vipimo nataka siku yake. Anaamka anakwenda wapi kwanza? Anashika nini akipita? Mchana anakaa upande gani, anafanya nini kwa mikono? Kabla ya kusogeza hata stuli moja, lazima nijue miguu yake inapita wapi.

Na hiyo ya kuacha mlango wazi sijaielewa. Wewe ulikuwa ukisikia hatua za mtu njiani, umeshafika mlangoni kabla hajabisha.

Mwanao.


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sketi ilete niitanue, niliacha kitambaa cha ziada kwenye pindo kwa sababu nakujua.

Ya kliniki sikumwambia Mama Redio. Nilimwambia mke wa kaka yako tu, mbele ya Mama Redio.

Nimekwenda kwa jirani na tepu yangu nimepima. Mwenyewe alinishikia upande wa pili. Andika: urefu wa sebule 378. Upana 318. Mlango 86. Dirisha 126. Kochi, kutoka chini hadi anapokaa, 41. Ni sentimita hizo. Nimeandika taratibu, na kila moja nimeipima mara mbili.

Kwenye kona ya mlango kuna nguzo imetokeza ukutani, mtu asipoangalia anaigonga kwa bega. Makochi yake ni makubwa mawili, ya kijani. Si mekundu kama yetu. Ni tofauti kabisa.

Siku yake iko hivi. Akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda kwanza, kisha anashika kabati. Kutoka kabati anashika mlango, kutoka mlango anashika mgongo wa kochi, kutoka kochi anafika kwenye chere, yaani kwenye meza yake ya kazi. Katikati pana meza ya kahawa ambayo inabidi aizunguke kwa ubavu, na kapeti ambayo pembe yake imejikunja. Hapo ndipo karibu aanguke mwezi uliopita. Hakuanguka. Alishika pazia, pazia likaja lote na fimbo yake, akakaa sakafuni chini ya pazia kama bibi harusi akicheka peke yake. Usimcheke.

Mchana anafanya kazi ya mikono. Kazi gani, sikumuuliza.

Nikuambie kitu kingine, hakimhusu jirani. Mwaka ule nilipovunjika mkono uliacha chuo mwaka mzima ukaja kuniosha na kunipikia. Ulinihudumia vizuri, sina neno. Lakini kila nilipokuona umeshika sufuria badala ya daftari, nilitamani kukunyang'anya kwa mkono ule mzima. Wenzako walimaliza wakakuacha. Nilijiapia sitakuwa tena sababu ya wewe kuweka kazi chini. Basi tu, nimelikumbuka nikaliandika. Turudi kwa jirani.

Anasema asante mapema. Nimemwambia kwako asante hazitolewi kabla ya kazi.

Mama yako.


30 Machi

Shikamoo Mama,

Nisamehe nimechelewa. Huku kazi inaendelea.

Nimemwona jirani yako vizuri sana kwenye barua yako. Kumbe ana nguzo kwenye kona ya mlango kama yetu. Na dirisha upande ule ule. Yule fundi aliyejenga mtaa wetu alikuwa mtu wa kurudia. Ila sebule yake imeizidi yetu sentimita kumi na nane kwa urefu na kumi na nane kwa upana, maana yetu niliipima mwaka wa kwanza chuoni nikapewa alama nzuri, mia tatu sitini kwa mia tatu, siwezi kuisahau. Mpe hongera. Naona ni mtu anayependa chumba chake kionekane kikubwa.

Mwanzo nilidhani jirani mwenyewe ni Mama Redio. Kisha nikakumbuka Mama Redio anaruka ukuta wa nyuma akisikia ugomvi.

Sasa msomee haya polepole.

Makochi ni mawili, yeye ni mmoja. Moja litoke. Kaka yake, kama anaye kaka au mtoto wa kiume anayenenepa, alibebe hilo kochi aende nalo, litamfanyia mazoezi. Meza ya kahawa iondoke katikati, ikae ubavuni mwa kiti chake, mkono wa kulia, aifikie bila kuinama. Kapeti ikunjwe iondolewe kabisa. Najua ni nzuri. Iondolewe.

Kutoka mlango wa chumbani mpaka mlango wa mbele nataka njia moja iliyonyooka, ambayo mtu aweza kupita akiwa amebeba beseni bila kugeuza ubavu. Lakini asiachwe njiani bila pa kushika. Kabati fupi lisogezwe ukutani, mwanzo wa njia. Kiti kipya kikae pembeni mwa njia, usawa wa katikati yake. Kwenye ile nguzo ya kona seremala afunge ubao wa mviringo wa kushika, kimo cha kiuno. Nguzo iliyokuwa inamgonga bega sasa imshike mkono.

Meza yake ya kazi igeuzwe mwanga umjie kutoka kushoto. Vitu anavyogusa kila siku, mikasi, nyuzi, chochote kile, vikae kati ya kiuno na bega. Vya mara moja kwa mwezi ndivyo viende juu na chini.

Kiti ndicho moyo wa chumba. Kiwe cha mbao, kigumu kiasi, chenye mikono miwili inayofika mbele kabisa, maana mtu huinuka kwa mikono kabla ya miguu. Chini kiwe wazi, visigino vipate pa kurudi nyuma. Kimo sentimita 48 akiwa amekaa. Hiyo arobaini na nane asiipunguze kwa sababu kiti kirefu hakipendezi. Na kitazame mlango, amwone anayekuja.

Mwambie na hili: sijaona aibu yoyote katika hayo yote. Nimeona mtu anayetaka kwenda kwenye kazi yake asubuhi, basi.

Mwanao.


22 Aprili

Mwanangu,

Kwanza, umeandika "kazi inaendelea" ukanyamaza. Mwandiko wako umelala upande. Ulipokuwa darasa la nne ukipata alama mbaya mwandiko ulilala hivyo hivyo. Kuna nini kliniki?

Pili, nimekasirika, lakini si wewe.

Jirani alifuata kila kitu. Kochi limetoka, kaka yako amelibeba na kulalamika mpaka barabarani. Njia imenyooka, nimepita mwenyewe na beseni kujaribu. Meza imegeuzwa na mwanga ni mzuri, jirani amevua miwani kwa furaha akasahau alipoiweka. Nguzo imepata mkono wake. Kila anayeingia anasema, "Humu ndani mmepanua ukuta?" Nami najibu, "Ni akili ya mwanangu, ukuta ni ule ule."

Kisha seremala akaleta mbao za kiti. Alikuwa amesahau tepu yake ya chuma. Akataka kurudi karakana kuichukua. Nikamwambia, "Fundi, tepu hii imepima magauni ya harusi ya nusu ya mji huu, itashindwa na kiti?" Akasema, "Mama, mbao si nguo, ukikata hakuna pindo la kutanua." Nikamwambia apime arobaini na nane mbele ya macho yangu. Akapima mbele ya macho yangu. Arobaini na nane, nimeiona, nimeweka kidole juu yake.

Kiti kimekuja kizuri ajabu. Jirani akakaa. Mtaa umesimama mlangoni, Mama Redio mbele kabisa. Jirani akashika mikono ya kiti, akahesabu moja, mbili, tatu.

Hakuinuka.

Ni afadhali kuliko kochi, lakini bado anazama, lazima atafute mtu wa kumpa mkono. Mama Redio akasema, kwa sauti ile unayoijua, "Labda kule chuoni wanapimia viti vya watoto wa shule." Jirani naye akanigeukia, akasema moyoni mwake kwamba labda binti yangu kweli amekosea. Nimegombana naye usiku na mchana. Namwambia, "Mwanangu hakosei." Ananiambia, "Basi mbona niko chini?"

Kiti kimefunikwa shuka. Mlango bado uko wazi.

Niandikie upesi.

Mama yako.


10 Mei

Mwanangu,

Mbona kimya? Kama ni ya kiti, yameisha, jirani hana kinyongo, atazoea. Kama ni mimi niliyesema vibaya, nisamehe. Kama ni kliniki, niambie hata nusu.

Mama Redio nilijaribu kumkomesha. Nilimwambia aje akae yeye basi atufundishe. Akakaa, akainuka kama chura, akaondoka. Hilo halikunisaidia.

Mama.


17 Mei

Shikamoo Mama,

Hukusema vibaya hata neno moja. Nilikuwa siandiki kwa sababu sikutaka kukudanganya, na ukweli ulikuwa haujaiva.

Umenijua kwa mwandiko. Bosi aliukataa mchoro wangu mwezi wa Machi. Alitaka makochi mafupi, laini, yaliyolala chini, ya kwenye picha za magazeti. Alisema viti vyangu virefu vyenye mikono vinafanya ukumbi uonekane wa wazee. Nikachora upya kama alivyotaka. Siku tatu sikupata hamu ya kula, hapo ndipo nilipokudanganya kwa kunyamaza.

Kisha ikaja barua yako, jirani ameketi, mtaa mlangoni, tatu imefika naye yuko chini. Niliisoma mara nne. Asubuhi nikabeba kochi moja la mfano mpaka ofisini kwa bosi. Nikamwomba akae. Nikampa faili kubwa alikumbatie kama mtoto mchanga. Nikamwambia, "Bosi, umeitwa. Daktari anakungoja. Inuka, na usimweke mtoto chini." Akacheka, akajaribu. Akajaribu tena. Mara ya tatu akashika ukuta na mtoto akaanguka, karatasi zote chumba kizima. Akazitazama karatasi akiwa bado pale chini, akaniuliza, "Hii umeipata wapi?" Nikamwambia kwa jirani wa mama yangu. Ukumbi unajengwa kwa mchoro wangu wa kwanza. Kwa hiyo yule jirani asije akasema amenisumbua. Amenirudishia kazi.

Sasa kiti.

Mama, leta ile tepu. Itazame mwanzo wake, kile kichwa kinachoanzia. Unaona moja? Unaona mbili? Huoni. Inaanzia sita.

Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimetengeneza nyumba ndani ya boksi la viatu: chumba, sebule, kitanda cha kiberiti. Njia ya kutoka chumbani mpaka mlangoni ilitaka zulia jembamba la kunyooka, na kitu pekee kilichonyooka ndani ya nyumba yetu kilikuwa tepu yako. Nikakata kipande kwa mikasi yako. Ulipogundua ulitazama ndani ya boksi muda mrefu, ukasema, "Haya, angalau zulia limekaa sawa." Hukununua tepu nyingine. Ulizoea kuondoa sita kichwani.

Ukimpima mtu, mkono wenyewe unaondoa. Lakini hujawahi kumshonea ukuta gauni, wala kiti. Sebule ilikula tepu tatu kila upande, sita mara tatu ni kumi na nane. Ndiyo kumi na nane yangu niliyodhani jirani anajisifia! Na arobaini na nane uliyoishikia kidole ilikuwa arobaini na mbili. Hakuna aliyekosea hesabu. Mimi ndiye niliyekata, miaka ishirini na mbili iliyopita.

Usitengeneze kiti kipya. Mwambie seremala akivalishe viatu: vipande vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kikiinue kiti sentimita sita kamili, juu kichimbwe kidogo mguu ukae ndani, kisha apige skrubu. Apime kwa tepu yake ya chuma. Wewe uwe jikoni.

Na hili la mwisho mwambie jirani, umtazame machoni ukimwambia, kwenye kioo kama ni lazima. Sitaacha kazi. Naahidi kabla hajaniomba. Nitamaliza ukumbi, utafunguliwa, nitasimama mlangoni nipigwe picha, ndipo nitakuja nyumbani kwa likizo yangu ya wiki mbili kama mgeni mwingine yeyote, nitakaa, nitaletewa chai. Kwa hiyo hana sababu ya kunificha goti.

Simu yako nadhani ni nzima. Kaka amenitumia picha akibeba kochi. Jekundu.

Mwanao.


5 Juni

Mwanangu, kitinda mimba wangu, mwenye akili kama ya mama yake,

Jirani amehama.

Ameondoka bila kuaga. Ameniachia kiti chake, na magoti yake pia ameyaacha hapa, sijui nimfuate wapi nimrudishie. Nimeamua nikae navyo.

Barua yako niliisoma nimekaa. Nilipofika kwenye ile ya boksi la viatu nikaenda kwenye kabati, tepu mkononi, nikaitazama. Sita. Miaka yote hiyo naiona sita kila siku sijaiona. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa akijaribu blauzi akatoka na mkono mmoja ndani mmoja nje kuuliza kama ni yeye. Nikamwambia yote. Nikamwambia huyu mtoto alianza kazi akiwa na miaka saba, na sakafu ya kwanza aliyoipamba niliilipia kwa tepu yangu. Boksi unalikumbuka? Lipo. Liko juu ya kabati, mahali pa vitu vya mara moja kwa mwezi, kama ulivyoagiza. Zulia bado limenyooka, moja mpaka sita.

Seremala alikuja Jumanne. Nilikwenda jikoni kama ulivyosema, nikachungulia kidogo tu. Alipima kwa chuma yake, akanitazama, akasema, "Mama, sita kamili." Nikamwambia, "Fundi, ulisema mbao si nguo. Nilikusikia, nilikudharau, nisamehe." Akasema amesamehe kama nitamshonea suruali kwa tepu yangu hiyo hiyo, maana hajawahi kuona suruali yangu ikimbana mtu.

Kiti kimevaa viatu vinne vyeusi. Kinasimama kama mtu anayekwenda sherehe.

Nilikaa. Safari hii sikuita mtu. Mlango niliufunga kwanza, kwa kuwa nikishindwa nilitaka nishindwe peke yangu. Nikashika mikono ya kiti, visigino nikavirudisha nyuma, nikaanza kuhesabu. Moja. Mwanangu, sikufika mbili. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, sijui la kufanya na namba zilizobaki. Nikakaa tena ili nihakikishe. Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka mara tisa. Goti linauma kama kawaida yake, lakini linauma likiwa juu.

Mara ya tisa alikuja Mama Redio. Nikasikia hatua zake njiani kama zamani, nikashika kiti, nikashika nguzo, nikafungua kabla hajabisha mara ya pili. Akabaki na ngumi hewani. "Nani amekuinua?" Nikamwambia, "Mwanangu." Akachungulia ndani kutafuta uko wapi. Kufika jioni kila mtu alishajua, na sikulipa hata ndururu ya tangazo.

Sikiliza. Nilikuficha kwa sababu ya lile sufuria. Sasa umeahidi, nami nimekuamini, basi sitakuficha tena. Goti la kushoto ndilo baya zaidi. Mazoezi nilikuwa siyafanyi, sasa nafanya. Siku za baridi nakaa kwenye cherehani kwa muda wa saa mbili kisha natembea njia yako mara nne, kwenda na kurudi. Ukitaka kuniona piga simu, kioo kimepona chenyewe.

Ya bosi kuangusha mtoto nimewasomea wateja wote. Nimeacha ile ya kutokula siku tatu, hiyo ni yetu wawili, na tutaizungumza ukija. Picha ya ukumbi uitoe kubwa. Nimeshaipimia nafasi ukutani, kati ya kiuno na bega. Nimepima kwa tepu yangu, na nimeondoa sita.

Najua funguo unazo, na najua umezoea kusukuma mlango na kuingia ukiita. Safari hii usisukume. Nitaufunga. Weka begi chini, bisha, kisha simama hapo hapo nje unisubiri.

Nakuja kukufungulia mwenyewe.

Mama yako.